Jumamosi za Kusaka Bikoni

Siku ya kuniaga pale ofisini Ruangwa mlinipa blanketi, saa ya ukutani na nafasi ya kusema maneno machache. Nikasema asanteni, nikakaa, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Tangu hapo vijana wa idara mmekuwa mkinipigia simu na swali lile lile: mama, umestaafu, mbona tunaambiwa umeonekana porini Malolo siku ya Jumamosi na panga mkononi? Naandika haya niwajibu wote kwa mara moja. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Za vyeo ni fupi, na za mshahara mnazijua wenyewe.

Mimi ni mtu wa Singida. Nililetwa Nachingwea nikiwa binti mwenye cheti cha upimaji ardhi na viatu vyeupe, nikiamini kazi hii inaanza kwa kuchungulia kwenye theodolaiti, ile darubini ya wapima ya kupimia pembe. Aliyenipokea alikuwa mpima mkongwe wa ofisi, Mzee Likwata, Mmwera wa huku huku, mfupi, mwenye sauti ndogo na hatua ndefu kuliko miguu yake. Aliniangalia viatu, akaingia stoo, akatoka na panga.

"Hiki ndicho chombo chako, Edina," akasema. "Theodolaiti utaiona ukishapata pa kuiweka."

Kwa faida ya wasio wapima watakaosoma haya: huwezi kupima shamba la mtu kwa kuanzia popote. Unaanzia kwenye bikoni, ile nguzo fupi ya zege yenye chuma katikati, iliyoachwa na wapima waliotutangulia, ambayo mahali pake panajulikana kwenye ramani. Ukiikosa, unapima hewa. Na bikoni za zamani hazikai barabarani zikikusubiri. Ziko vichakani, chini ya majani na vichuguu, mahali ambapo siku zilipowekwa palikuwa peupe.

Siku yangu ya kwanza nilitumwa kutafuta bikoni moja pembezoni mwa mashamba ya zamani ya karanga, nje ya mji. Nilifyeka tangu asubuhi. Adhuhuri nikagonga zege. Nikalisafisha kwa mikono na kwa upindo wa gauni, likatokea limelala bapa, safi, na katikati lina tundu. Nikajua chuma kimeibwa. Nikaenda kumwita mzee huku nakimbia.

Alilizunguka taratibu, mikono nyuma.

"Umesafisha vizuri sana," akasema.

"Ni bikoni ya daraja gani, mzee?"

"Hii ni ya choo. Hapa palikuwa na kambi ya wafanyakazi wa karanga. Hilo tundu halikuwa na chuma."

Kwa muda mrefu baada ya hapo, mtu wa ofisini akitaka kwenda kujisaidia alikuwa anaaga kwamba anakwenda kukagua bikoni ya Edina. Wengine walioanzisha msemo huo wameshastaafu, lakini msemo bado upo kazini.

Vifaa vyetu vya wakati ule mngeviona mngecheka. Cheni ya chuma ya kupimia urefu, ambayo ikifika mchana ilikuwa inaunguza viganja. Dira. Miguu mitatu ya mbao iliyotoa mlio kila ikifunguliwa. Theodolaiti yenyewe Mzee Likwata hakumwachia mtu. Garini aliipakata kama mtoto mchanga, na barabara ikiwa mbaya aliikinga kwa tumbo lake. Sisi tulikaa nyuma na majembe, na hakuna aliyetukinga.

Adui wa bikoni hakuwa mvua wala mchwa. Adui alikuwa ile habari kwamba Mjerumani alifukia rupia chini yake. Huku kwetu habari hiyo haijafa hadi leo. Watu wamechimba bikoni Narung'ombe, wamechimba Malolo, hawajapata hata kijiko. Mara nyingi sokoni mtu alinivuta pembeni.

"Mama, wewe ni mtaalamu. Pale mlimani Mjerumani ameacha nini?"

"Ameacha zege."

"Na chini ya zege?"

"Udongo."

"Na chini ya udongo?"

"Udongo mwingine."

Alikuwa anaondoka akiwa na hakika kwamba mimi na Mzee Likwata tumeshagawana.

Sasa nifike kwenye Jumamosi. Mzee Likwata alikuwa na ugonjwa ambao ameniambukiza. Siku za kazi alitafuta bikoni zinazohitajika. Jumamosi alitafuta zisizohitajika. Alichukua ramani kuukuu, akachagua bikoni ambayo hakuna aliyeiona tangu iwekwe, akaingia porini. Akiipata aliisafisha, akaigonga mara moja kwa ubapa wa panga asikie mlio wake, akanywa maji, akarudi nyumbani. Basi. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Nilimfuata mara ya kwanza kwa adabu tu. Tulitafuta hadi jua likageuka, na nilipoiona mimi, imejificha ndani ya kichaka cha upupu, nilipiga vigelegele peke yangu msituni huku najikuna. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nimekwisha.

Mkewe, Mama Zuhura, hakuamini. Mwanamume anatoka kila Jumamosi alfajiri, anarudi amechoka, anasema alikuwa anatafuta jiwe. Siku moja alivaa viatu vya kufungwa, akatufuata hadi mwisho. Tulipoifikia ile bikoni aliitazama mbele na nyuma.

"Kwa hiyo mke mwenzangu ndiye huyu?"

"Ndiye huyu," mzee akajibu.

"Mfupi. Hana hata rangi." Akakaa chini kwenye nyasi akafungua chakula. "Afadhali. Angekuwa mrefu ningekuwa na wasiwasi."

Moja tu ndiyo iliyomshinda mzee, bikoni ya Chunyu. Ramani ilisema ipo. Maelezo yake yalisema iko karibu na kichuguu kikubwa, upande wa kaskazini wa mkwaju. Mkwaju ulishakatwa zamani, na kichuguu nadhani mchwa walihama nacho. Mzee alikwenda Chunyu kiangazi, akaenda masika. Alikwenda na watu wa kufyeka, akaenda peke yake. Kila mkulima aliyemuuliza alinyoosha kidole upande tofauti. Siku alipostaafu hakusema lolote juu ya kazi nzuri aliyoifanya. Alinishika mkono akasema, "Ile ya Chunyu ipo. Wakikwambia imeng'olewa usikubali."

Kisha nyonga ikaanza kumsumbua, akawa mtu wa barazani pale Nachingwea, na mimi nikahamishiwa Ruangwa. Mambo yakabadilika. Zikaja mashine za kupokea mawimbi ya setilaiti, theodolaiti ikaingia kabatini, na vijana wakaanza kuniita Mama Bikoni, nadhani kwa heshima. Akaja pia mwalimu wa jiografia kutoka Mwanza, Mwalimu Neema, jirani yangu wa nyumba ya kupanga. Jioni moja alinionyesha simu yake. Kumbe duniani kuna mchezo. Watu wanaficha kikopo mahali, wanatoa alama za mahali hapo kwenye mtandao, na wengine wanatoka na simu kukitafuta. Wengine hawafichi kitu, wanasaka bikoni za zamani tu, wanapiga picha, wanatamba.

"Bila posho?" nikamuuliza.

"Bila posho. Wengine wanapanda ndege kabisa."

Sikuwahi kujua nina ukoo mkubwa kiasi hicho. Jumamosi iliyofuata mwalimu alinunua panga.

Tulianza na za karibu, na safari yetu ya Chunyu ilikuja kiangazi kimoja, mikorosho ikiwa imechanua. Simu ya mwalimu ilituzungusha asubuhi nzima. Ukisimama inasema uko hapo hapo, ukipiga hatua inasema umepita. Nilimweleza kwamba alama za ramani ya zamani na za simu hazilingani, kwa hiyo pale inaposema "hapa" maana yake ni "hapa hapa kijijini". Adhuhuri magoti yangu yaligoma. Kulikuwa na nyumba moja mbele yetu, jiko la makuti pembeni, moshi unatoka. Tukapiga hodi.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mwembamba, Bibi Somoe, anaishi na mjukuu wake wa kike aliyekuwa shambani saa hiyo. Tulimwamkia, akaitikia, akasema tumefika wakati mzuri, ana ming'oko jikoni. Mwalimu Neema hakuwahi kula ming'oko. Nilimwambia ni mizizi ya porini, utamu wake unauelewa ukishaacha kuilinganisha na viazi.

Tukaingia jikoni. Bibi akatandika mkeka.

"Kaeni mkekani."

Mwalimu akakaa. Mimi magoti yakakataa kwenda chini kiasi hicho. Pembeni niliona kama kigoda kifupi kimefunikwa kanga iliyokunjwa, juu yake ungo. Nikauondoa ungo, nikakaa.

"Usikae hapo, mama. Kaa mkekani."

"Hapa panatosha, bibi, usijali."

Tukapewa sahani. Nilikula kidogo nikasogea kulia. Nikasogea kushoto. Nikasogea tena. Kulikuwa na kitu kinanichoma mahali ambapo mtu wa umri wangu hatarajii kuchomwa.

"Bibi," nikasema, "samahani, kiti chako kinachoma."

"Ndiyo maana nilikwambia usikae."

Mwalimu Neema aliacha kutafuna. Alikuwa ananitazama chini, si usoni. "Mama Edina," akasema polepole, "hebu simama."

Nikasimama. Nikafunua kanga. Zege, limekuwa jeusi kwa moshi, na katikati yake chuma kimesimama wima, kinang'aa kwa kusuguliwa na kanga. Bikoni ya Chunyu. Jinsi Mzee Likwata alivyoitafuta, mimi niliipata kwa makalio.

Nilicheka hadi machozi. Nilipoyafuta nikaona bibi hacheki. Mwiko umesimama mkononi.

"Mmeshaliona," akasema. "Sasa nyumba yangu mnaivunja lini?"

Nikakaa, safari hii mkekani, na goti likanyamaza. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kuokoteza, lakini alinieleza vizuri. Wakati marehemu mumewe anajenga, mtu mmoja alipita akamwambia hilo ni jiwe la serikali, na panapokaa jiwe la serikali raia hakai. Kuhama hawakuwa na pa kuhamia. Basi marehemu akajenga jiko juu yake.

"Alisema, wakilikosa watatuacha. Wakaja, wakalikosa. Kuna mmoja mfupi alikuwa anakuja sana, wa Nachingwea. Mpole yule. Nampa maji pale nje, anakunywa, anaondoka. Nilikuwa namwonea huruma."

Sikujua nicheke au nilie kwa ajili ya mzee wangu. Nilimwambia bibi kwamba jiwe hilo haliondoi mtu. Akasema wote tunaanza hivyo. Nikamwambia kuvunja nyumba si kazi yangu. Akauliza ni kazi ya nani, na huyo nani anakaa ofisi gani, na hiyo ofisi iko mbali na yangu? Ziko ukumbi mmoja. Mwisho nikamwahidi kwamba sitamwambia mtu mpaka yeye aniruhusu. Tukamaliza ming'oko, tukaaga.

Ahadi ni rahisi kutoa ukiwa umeshiba. Muda si mrefu mkuu wa idara yetu, kijana mwerevu aliyetoka chuo na viatu vyenye ncha, alituita. Mashamba ya Chunyu yanapimwa, watu wapewe hati zao za kimila.

"Mama Bikoni, ile ya Chunyu niiandike imepotea? Tukubaliane tu, tutaleta vipimo kutoka mbali na kuweka mpya."

Kuleta vipimo kutoka mbali ni kazi ya kuchosha, na mpya ingewekwa palipo peupe, yaani uani kwa Bibi Somoe au mlangoni kwake. Hapo ndipo angekuwa na sababu ya kuogopa. Nikisema ipo, nimevunja ahadi. Nikinyamaza, nimemponza. Nikajibu, "Usiandike kwanza, nipe siku chache," nikatoka kabla hajauliza za nini.

Jumamosi nilikodi gari hadi Nachingwea, nikamwambia Mzee Likwata twende Chunyu tukale ming'oko. Niliahidi kutosema. Kulisha watu sikukatazwa. Mama Zuhura naye akapanda, kwa sababu neno Chunyu alikuwa amelisikia mara nyingi mno katika ndoa yake.

Bibi Somoe alipomwona mzee anashuka na mkongojo alisimama mlangoni, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kwamba sijasema. Akatukaribisha jikoni kwa shingo upande. Nilitegemea mzee akae pale nilipokaa mimi. Akaomba kiti, nyonga haitaki vitu vifupi. Akaletewa kiti, kikawekwa karibu na ile kanga. Wakaamkiana Kimwera, chakula kikaja, na mpango wangu ukawa umekufa.

Mzee alikula nusu, akatafuta pa kuweka sahani. Akaiweka juu ya kanga. Sahani ikalala upande. Akaigeuza, ikalala upande mwingine. Sasa mnajua mpima na kitu kisichokaa sawa. Aliizungusha kidogo kidogo, jicho moja amelifumba, kidole gumba huku, kidole cha shahada kule, vile vile alivyokuwa anasawazisha theodolaiti tangu nilipomjua. Mkono ukasimama. Akaondoa sahani, akampa mkewe bila kumtazama. Akaingiza kiganja chini ya kanga.

Maharage yalikuwa yanachemka jikoni, nikayasikia.

Kisha akaongea na Bibi Somoe kwa Kimwera, polepole. Mimi baada ya miaka yote huku naelewa salamu na bei tu. Nikamvuta Mama Zuhura nguo.

"Anamuuliza, ulikuwa unajua kwamba nalitafuta hili?" akaninong'oneza. "Bibi anasema alikuwa anajua. Anamuuliza, mbona ulininywesha maji tu? Bibi anasema, ulikuwa na kiu."

Mzee akainama, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa na macho nayo yalikuwa na kazi yao. Wakaendelea, na Mama Zuhura akaendelea kunitafsiria.

"Anamwambia jiwe hili halimiliki hata shina la muhogo. Kazi yake ni kutulia mahali pamoja ili wengine wajue walipo. Bibi anasema na yeye anaifanya kazi hiyo tangu aolewe."

Walizungumza hadi maharage yakaiva. Hatimaye Bibi Somoe akanigeukia, akatoa masharti yake kwa Kiswahili ili nisisingizie kutoelewa. Nyumba haivunjwi. Shamba lake linapimwa la kwanza na jina linaloandikwa ni lake, si la shemeji yake, ndugu wa marehemu. Na chochote kitakachochafuliwa jikoni kinasafishwa na aliyechafua.

Njiani kurudi mzee alitazama dirishani hadi tunaingia Nachingwea. Nikamuuliza kama amefurahi.

"Nimefurahi sana," akasema. "Ila sasa Jumamosi nitafanya nini?"

"Utakaa nyumbani na mimi," akasema Mama Zuhura.

"Ndilo hilo ninaloliwaza."

Siku ya kupima nilimpeleka mkuu wa idara na viatu vyake. Tulisimamisha mashine juu ya bikoni, mle mle jikoni, mguu mmoja karibu na mafiga, bibi akikataa kuepua mboga kwa sababu serikali haimpikii. Mashine ikagoma. Mkuu akamweleza bibi kwa upole kwamba mashine inahitaji kuona mbingu.

"Mnataka mbingu?" bibi akasema. "Mbingu iko nje."

Hapakuwa na njia nyingine ila kufumua makuti ya paa. Aliyepanda ni mkuu mwenyewe, mimi nikapokea chini, masizi yakamshukia hadi hatukujua tena shati lilikuwa rangi gani. Paa lilipofunguka mashine ikaanza kulia, ikapata setilaiti zake, na Bibi Somoe akatazama juu kupitia tundu, akasema jiko limekuwa na mwanga, kwa nini hatukuja mapema. Tuliporudishia, makuti ya zamani yalikatika mikononi. Mkuu akanunua mapya. Wiki zilizofuata mashamba yote yakapimwa kutoka jikoni mle, na hati ya bibi ilipotoka aliitundika ukutani, juu kabisa, moshi usiifikie.

Baada ya hapo Mwalimu Neema alimwomba ruhusa, akaiweka bikoni ya Chunyu kwenye ule mchezo. Hakusema iko jikoni, aliacha alama za mahali tu. Bibi alielezwa kwamba watu wataanza kuja, na kwamba si wa serikali, wanacheza tu. Aliuliza watu wazima? Tukasema watu wazima. Akasema waje.

Juzi, nikiwa hapa nyumbani sina hili wala lile, simu yangu ikaita, namba ni ya mjukuu wa Bibi Somoe. Alikuwa bibi.

"Mama, wamekuja vijana wa Dar es Salaam. Wana simu kubwa. Wamezunguka mikorosho yangu tangu asubuhi, hawajaniamkia. Mwisho mmoja akaja mlangoni akaniuliza, bibi, kuna jiwe la zamani hapa?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia silijui."

Nikakumbuka nimekula kiapo cha utumishi na nimefundisha vijiji vizima kuonyesha bikoni kwa wanaouliza. Kisha nikakumbuka kwamba nimestaafu. Nikamuuliza wako wapi sasa.

"Wako kwa jirani, wanachimbua kichuguu. Jua kali."

"Bibi, Mwalimu Neema anaweza kuwaandikia kwenye ule mchezo. Niwaagizie kupitia kwake wajue liko wapi?"

Nilisikia kijiko kinagonga sufuria, na bibi anacheka peke yake.

"Waache kidogo," akasema, akakata simu.